Msimamizi wa Mizani

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwisha! Asubuhi nimekuta tangazo limebandikwa mlangoni mwa ghala. Nililisogelea hadi pua ikagusa karatasi. Sikuambulia kitu. Siku hizi wanaandika kwa herufi ndogo mno. Nikamwagiza shemeji alisome kwa sauti, ili na wengine wafaidi. Akasoma. Bora asingesoma.

Mkaguzi wa usalama kazini anakuja Jumatatu ijayo. Kila anayeendesha mtambo aonyeshe cheti cha mafunzo. Asiye nacho asiuguse mtambo.

Mimi ndiye dereva wa foklifti katika kiwanda hiki cha sabuni. Foklifti yenyewe tunaiita Nyati, kwa sababu ya zile pembe mbili za chuma za kunyanyulia mizigo. Mimi wananiita Kapteni. Mwaka wa saba huu. Cheti sina! Nilipoajiriwa nilisema kiko kijijini, kwenye sanduku la marehemu baba. Kila nikiulizwa, sanduku linahama. Mara liko kwa shangazi, mara ufunguo umepotea. Kazi nilifundishwa na dereva aliyestaafu, wiki mbili, saa za chakula. Yeye alifundishwa na nani, sikuuliza.

Cheti pekee nilichowahi kupata maishani ni cha semina ya ufugaji bora wa kuku wa mayai. Siku mbili. Kuku wenyewe walikufa.

Saa nne meneja akatukusanya. Anataka mwakilishi wa usalama, mtu wa kutunza faili na kukusanya vyeti vya wenzake. Kila mtu akaangalia miguu yake. Hapo akili ikafunguka. Anayekusanya vyeti, cha kwake atadaiwa na nani? Nikanyoosha mkono. Nadhani niliinyoosha yote miwili.

Wa kunipinga angekuwa mmoja tu, Mama Boila, yule anayeendesha mtambo wa mvuke. Hakuwepo. Haachi boila yake ikiwa na moto, hata aitwe na nani. Ana vyeti vitatu, kavitia plastiki na kuvitundika ukutani kwa kamba. Majivuno matupu.

Nimekabidhiwa faili, kizibao cha kung'aa, na kazi ya kubadilisha namba kwenye ubao wa getini: SIKU BILA AJALI. Leo 212.

Jumanne, 4 Machi

213. Namba imekaa upande kidogo lakini inasomeka.

Faili lina orodha ya majukumu ya mwakilishi wa usalama. Kurasa mbili, majukumu kumi na tisa. Nilisoma matatu nikachoka. Kwa ujumla mambo ni yaleyale: watu wawe waangalifu.

Nimekusanya vyeti. Wa mashine ya kukata sabuni anacho. Wa mashine ya kufungashia anacho, kimeliwa na mende pembeni. Mama Boila akanipa nakala tatu kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, kisha akaniuliza cha kwangu kiko wapi. Nikamjibu kiko kwenye faili. Akauliza faili liko wapi. Kabatini. Na ufunguo wa kabati? Ninao mimi. Akasema sawa, Kapteni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniangalia. Sipendi anavyofuta miwani.

Yeye mwenyewe alishaniambia mwaka jana nikapime macho. Miwani! Dereva mwenye miwani nani atamwamini?

Jumatano, 5 Machi

Leo nimeandika daftari la wafanyakazi na sifa zao. Wote walikwenda vizuri mpaka nilipofika kwa shemeji. Hapo kalamu ikagoma.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Kwenye karatasi za ajira ni mpakiaji mizigo. Kwa kweli kazi yake ni jiwe. Nitaeleza. Nyati kaandikwa ubavuni kuwa mwisho wake ni kilo elfu moja na mia tano. Paleti yetu ya magadi, lile jukwaa la mbao tunalopangia mzigo, ina magunia thelathini na sita, kila gunia kilo hamsini. Piga hesabu mwenyewe. Ukimbebesha, makalio yanainuka juu, pembe zinachimba chini. Sasa shemeji ana kilo mia moja na kumi na mbili, na moyo mwepesi. Anapanda nyuma, anasimama kwenye chuma kilichotokeza nyuma ya kiti changu, anashika nguzo mbili, na Nyati anatulia. Miaka miwili tunafanya hivyo. Meneja akipita wakati huo huwa anaangalia dari.

Sasa mtu wa namna hiyo utamwandika nani? Nikaandika: Msimamizi wa Mizani.

Nilipomwonyesha, alisoma mara tatu. Akauliza kama ni kweli. Akaomba anakili kwenye kikaratasi. Jioni akampigia mama yake, na mama mkwe akaomba aongee na mimi. Akanishukuru kwa kumshika mwanawe mkono, maana amehangaika na vibarua tangu aache shule. Akaniita mwanangu. Miaka kumi na moja ya ndoa, ndiyo mara ya kwanza! Nikajisikia vibaya kidogo hapa, chini ya kifua. Nadhani ni kula haraka.

Mama Boila alikuja ghalani mchana, boila ikiwa imezimwa kwa usafi. Akaniambia kile kibao ubavuni mwa Nyati si pambo. Akaniambia mtu si jiwe. Kisha akauliza swali la kitoto: kwa nini nisipunguze magunia, nikabeba mara mbili? Mara mbili! Nikamjibu ashughulike na mvuke wake.

Alhamisi, 6 Machi

215. Maandalizi.

Tuna kofia ngumu sita, watu tisa. Nimepanga hivi: mkaguzi akishatoka chumba cha kukatia, watatu wa kule wanapita uani wanawahi kwenye kufungashia kuwapa wenzao kofia. Tumefanya mazoezi mara nne. Mara ya nne hawakugongana.

Cheti changu nimekitoa nakala kwenye mashine ya ofisini, nikaongeza wino mpaka karatasi ikawa na giza la masika. Linaonekana jina langu, muhuri, na neno "amehitimu". Kuku hawaonekani kabisa. Mimi angalau siwaoni.

Halafu nikajaza fomu ya vifaa vya kujikinga. Buti za usalama kwa kila mfanyakazi: vema, vema, vema. Shemeji hana buti. Mguu wake namba arobaini na saba, stoo haina. Tangu mwaka jana nimemwahidi nitamwombea kwa meneja. Anavaa kandambili. Nikatia vema. Nitamwombea wiki ijayo, mkaguzi akishaondoka.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui niandike nini.

Saa tano lori la magadi likaja. Nikasema tufanye kama vile mkaguzi yupo. Shemeji akapanda nyuma na kandambili zake. Kile kikaratasi cha cheo alikuwa amekikunja mfukoni mwa shati. Nikanyanyua magunia yote thelathini na sita, nikaondoka.

Karibu na mlango kuna mfereji wa maji wenye mfuniko wa chuma. Mfuniko huwa upo. Leo mtu aliuvuta pembeni kusafisha. Niliona kitu cheusi sakafuni. Nikadhani ni kivuli.

Gurudumu la mbele likazama. Nyati akainua makalio, shemeji akarushwa juu na kuangukia nyuma. Magunia yakamwagika mbele, mzigo ukaisha, Nyati akarudi chini. Akarudi juu ya mguu wa shemeji.

Hakupiga kelele. Alisema tu, shemeji, mguu. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

Mama Boila ndiye aliyefika wa kwanza. Alizima moto wake kabla ya kukimbia. Akaniamrisha nisogeze mashine, nikasogeza. Akaufunga mguu kwa vipande viwili vya mbao na kanga yake, taratibu, huku akimwuliza mgonjwa habari za nyumbani ili asiuangalie. Kile cheti chake cha tatu, kumbe ni cha huduma ya kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeshika kizibao changu cha kung'aa.

Meneja alikuwa mjini. Tukampeleka hospitali. Daktari akauliza imekuwaje. Nikafungua mdomo. Shemeji akaniwahi: ameteleza bafuni. Akanikonyeza. Mifupa miwili imevunjika na yeye ananikonyeza!

Mguu umevimba kama gunia. Mdharau mwiba mguu huota tende, wahenga walisema. Hawakusema unaota mguu wa nani.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika getini mapema kabla ya watu. Ubao unasema 216. Kwa haki nilitakiwa kuandika sifuri. Nilikuwa nayo sifuri mkononi, nimeishika. Nikawaza: bafuni si kiwandani. Nikaandika 217. Mlinzi akaniamkia Kapteni. Sikuweza kumwangalia usoni.

Mama Boila alinisubiri mlangoni. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Akasema tu nisome ukurasa wa pili wa majukumu yangu, namba kumi na moja. Akasema yeye hatanisemea, kwa sababu mtu akisemewa hajasema. Akaenda kuwasha boila yake.

Namba kumi na moja: mwakilishi atatoa taarifa ya kila ajali ndani ya siku moja. Namba kumi na mbili: hatamruhusu mtu yeyote kupanda juu ya mtambo asiouendesha. Kumbe yote yalikuwa yameandikwa! Nilifunga faili. Nikalifungua. Nikalifunga.

Jioni mama mkwe amekuja kumwona mwanawe, tunayemuuguza hapa kwangu. Amekaa kitandani kwake anamkanda goti. Akamgombeza kwa kutokuwa mwangalifu bafuni, mtu mwenye cheo anakoga kama mtoto. Kisha akanigeukia na kunishukuru kwa kumkimbiza hospitali. Mwanangu, akasema tena. Shemeji akatazama ukutani. Nikatoka nje nikajifanya nakata kuni. Hatutumii kuni. Tunatumia gesi.

Jumatatu, 10 Machi

Aibu. Aibu kuanzia unyayo hadi utosini. Ningekuwa na shimo ningejifukia.

Mkaguzi ni mama mfupi, mpole, mwenye begi kubwa. Alisimama kwanza mbele ya ubao. 219. Akatupongeza. Meneja akanipigapiga begani akasema ndiye huyu, kijana wetu wa usalama. Mama Boila akafuta miwani.

Kofia zilikwenda vizuri, isipokuwa mmoja alivaa mbili.

Ofisini mkaguzi akafungua faili. Akafika kwenye ukurasa wenye giza. Akausogeza dirishani, akaugeuza, akauinua juu kwenye mwanga. Akauliza kwa upole mwingi hawa kuku wa mayai wanahusiana vipi na kunyanyua mizigo. Meneja akakohoa. Nikasema huenda karatasi zilichanganyika. Akauliza zilichanganyika na za nani. Maji yakazidi unga.

Akafungua daftari. Akasoma: Msimamizi wa Mizani. Akauliza anafanya kazi gani. Nikasema anasimamia mizani. Akaomba aonyeshwe mizani. Hatuna mizani! Nikasema mhusika yuko likizo, ndiye anayejua ilipo.

Mlango ukagongwa. Ni yeye!

Shemeji, juu ya magongo mawili, mguu umefungwa plasta mpaka gotini, shati limepigwa pasi. Jasho linamtiririka. Ametembea kutoka kituo cha basi. Akasema amesikia mkaguzi anawaita wote walioandikwa kwenye daftari, hakutaka kuniangusha. Akatoa kile kikaratasi mfukoni akakinyoosha mezani. Kimechanika mkunjoni.

Mkaguzi akamvutia kiti. Akamuuliza mguu umepatwa na nini. Bafuni, akasema shemeji. Akamuuliza mafunzo ya mizani aliyapata wapi. Shemeji akanitazama mimi, akatabasamu, akasema kwa fahari: shemeji yangu ndiye aliyenifundisha, kila kitu ninachojua amenifundisha yeye.

Nilisikia kitu kinakatika ndani yangu. Si kula haraka.

Nikasema ni mimi. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. Nikasema hakuna mizani, yeye ndiye mizani. Nikasema nilimpandisha nyuma ya mashine na mzigo uliozidi. Nikasema kandambili, nikasema alama ya vema, nikasema bafuni hakuna mfereji. Nikasema cheti sina na sijawahi kuwa nacho, na sanduku la baba halipo, baba alikuwa na begi. Mkaguzi aliandika yote bila kunikatiza. Shemeji alikuwa anatikisa kichwa taratibu, ananiashiria ninyamaze. Mpaka hapo bado alikuwa ananitetea.

Nilisema kila kitu. Karibu kila kitu. Lile la kivuli halikuulizwa.

Jumanne, 11 Machi

Hukumu. Nyati kafungwa mnyororo mpaka ije mashine inayolingana na mizigo yetu. Meneja amepewa barua yake mwenyewe. Leo hakuangalia dari. Matibabu ya shemeji ni juu ya kiwanda, na akipona atakaa getini kuandika magari yanayoingia. Kazi ya kukaa, kwenye kiti. Ufunguo wa Nyati nimerudisha. Kizibao na faili amepewa Mama Boila. Nimepewa ufagio, na nafasi moja ya mwisho: kozi ya kuendesha foklifti, wiki mbili, kuanzia Jumatatu. Nikifaulu narudi kwenye usukani. Nikishindwa nafagia au naondoka.

Kabla ya kukabidhi, nikatakiwa nibadilishe ubao kwa mkono wangu. Watu wote walikuwa wanaingia zamu. Nikaweka sifuri. Ilikaa vizuri, haikupinda hata kidogo.

Mama Boila akaja akasimama karibu. Nikamwambia aseme tu alilonalo. Akasema umesema mwenyewe, sasa umeanza. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Nyumbani mke wangu haongei nami. Anaongea na sufuria, nami nasikia. Mama mkwe sasa ananiita wewe. Wewe, sogea. Wewe, mpe mwenzio maji. Nampa. Shemeji peke yake ndiye ananiita shemeji kama zamani, na hilo ndilo linalonichoma kuliko yote.

Alhamisi, 13 Machi

2, unasema ubao. Ameuandika Mama Boila, namba zimenyooka kama askari.

Nimefagia ghala lote. Kwenye mfuniko wa mfereji nilipiga magoti nikaukaza kwa mikono. Nimeapa hapohapo. Sitadanganya tena kazini. Sitampandisha mtu juu ya kitu chochote. Nitasoma kila ukurasa mpaka wa mwisho. Nimemwambia shemeji pia, nimemshika mkono, machozi yakanitoka. Naye akalia. Tukalia mpaka mama mkwe akauliza nani kafa.

Nimekuwa mtu mpya. Nalisikia kabisa.

Jumapili, 16 Machi

Kozi inaanza kesho saa mbili. Nimesoma karatasi ya maelekezo yote, mpaka ukurasa wa mwisho, kama nilivyoapa. Naishika karibu na pua, inasomeka vizuri tu.

Ukurasa wa mwisho, mstari wa mwisho: siku ya kwanza, kabla ya yote, kupimwa macho.

Nimeuliza. Ni ubao mweupe wenye herufi E zilizogeuzwa huku na huku. Unasimama mbali, unaonyesha kwa kidole kila moja inatazama wapi. Juu, chini, kulia, kushoto. Asiyeona harudi kwenye mashine bila miwani. Nimetundika gazeti ukuta wa pili nikajipima. Gazeti lilikuwepo, nina hakika.

Sasa, hili si udanganyifu. Cheti kitakuwa cha kweli, na mafunzo ya kweli. Macho ni jambo la mwili, na mwili si kosa la mtu. Shemeji ana macho ya mwewe, na mchana kutwa amekaa tu na magongo yake hana la kufanya. Nilipomwambia alifurahi. Alikuwa anaogopa nimemwacha.

Tumefanya mazoezi sebuleni mama mkwe alipotoka. Gongo likigonga sakafu mara moja ni juu. Mara mbili ni chini. Akikohoa ni kulia, akivuta makamasi ni kushoto. Tumepata kumi na nane kati ya ishirini. Nilimwonyesha pa kukaa, kwenye benchi la wanaosindikiza, na nikamsihi asihangaike kabisa, asiinuke. Safari hii hakuna hatari yoyote. Kazi yake ni ndogo sana: akae tu nyuma yangu.